Unga wa Mlangoni

Kila asubuhi, kabla Vrajlal hajafungua duka lake, kuku wa Pudentienne walikuwa wamekwisha kufika mlangoni. Walivuka barabara ya Bukavu bila kutazama kushoto wala kulia. Mbele alitembea kuku mwekundu mwenye shingo tupu, anaringa kama mke wa chifu. Nyuma yake walifuata vifaranga kumi na mmoja. Walijua kwamba mchele ukipimwa, punje chache huanguka, na punje zilizoanguka zilikuwa zao.

Hapo ni Luvungi, katika bonde la Ruzizi, mwaka wa 1962. Kongo ilikuwa na uhuru wa miaka miwili. Burundi, ng'ambo ya mto, ilikuwa na uhuru wa miezi michache tu. Uasi wa miaka iliyofuata ulikuwa bado haujatufikia, lakini watu walikuwa wameanza kusikiliza redio kwa sauti ya chini.

Vrajlal alikuwa Mhindi. Aliuza chumvi, sabuni, vitambaa na majembe. Mke wake aliitwa Kanta. Binti yao, Ila, alikuwa na miaka kumi, na alizaliwa hapo hapo Luvungi. Ila alikuwa mtoto wa maswali. Akiona mtu anatengeneza kiatu, atauliza kwa nini uzi hupakwa nta. Ukimjibu, basi umejitafutia swali la pili.

Pudentienne alikaa upande wa pili wa barabara. Alilima mpunga na pamba, na kila Jumapili alikwenda misa. Watu walimwita Mama Manirakiza, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Yeye na Kanta walizoeana kwa njia ya kuku. Mmoja alimwaga, wa pili alifuga.

Mwaka ule Kanta hakuwa na furaha. Zamani palikuwa na familia tatu za Wahindu kwenye barabara ile. Mbili zilikuwa zimehamia Usumbura, ng'ambo ya mto. Chini ya kitanda cha Kanta palikuwa na sanduku kubwa la bati lenye kufuli, na nusu ya nguo za nyumbani zilikuwa zimekwisha kuingia humo.

Sikukuu ya Diwali ilikuwa karibu. Diwali ni sikukuu ya mwanga. Wahindu husafisha nyumba, huwasha taa ndogo ndogo za mafuta, hutundika majani juu ya mlango, na mbele ya kizingiti huchora picha ya rangi inayoitwa rangoli. Ni namna ya kuikaribisha baraka iingie ndani. Kila mwaka ndugu wa Vrajlal alituma mapambo kutoka Usumbura: rangi za unga, maua ya karatasi, taa. Mwaka huu daraja la Ruzizi lilikuwa na duwane, yaani forodha, na askari pande zote mbili. Askari walifungua kifurushi, wakauliza unga ule mwekundu ni wa nini, hawakupenda jibu, na kifurushi kikabaki kwao.

Kanta alipopata habari hiyo hakulia. Alikunja shuka mbili na kuziweka katika sanduku. Kisha alimwambia mumewe, na Ila akasikia: "Nyumba isiyowasha Diwali ni mahali pa kulala tu. Tukishindwa kuifanya hapa mwaka huu, tunahama."

Ila hakutaka kuhama. Hakuijua nyumba nyingine yoyote. Usiku ule alifikiri, na asubuhi akaja na swali.

"Mama, kijijini kwa bibi kulikuwa na duka?"

Kanta alisema hapakuwa na duka hata moja.

"Sasa bibi alipata wapi rangi?"

Kanta aliacha kufagia. Alisimama kidogo na ufagio mkononi, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka zamani. Alieleza kwamba bibi yake Ila alichora kwa unga wa mchele aliousaga mwenyewe. Taa alifinyanga kwa udongo. Majani alichuma nyuma ya nyumba. Ila aliuliza kwa nini unga wa mchele, wakati chokaa ni nyeupe zaidi. Kanta akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Alisema unga ni kwa ajili ya sisimizi na ndege. Siku ya sikukuu, hata mdudu asipite mlangoni kwako na njaa.

Ila alilisikia jibu hilo vizuri. Lakini hakulishika vizuri, kama tutakavyoona.

Walianza kazi siku hiyo hiyo. Zilibaki siku tisa. Ila alichota udongo katika mtaro, akafinyanga taa sita na kuzianika juani. Mbili zilipasuka. Nne zilizobaki alizitia mafuta ya mawese, na baada ya muda mfupi zilikuwa tope tena, tope lenye mafuta. Pudentienne, aliyekuja kununua chumvi, alimkuta anazitazama kwa huzuni. Pembeni Kanta alikuwa anajaribu mkono wake, anachora ua kwa unga mweupe.

Pudentienne aliweka chumvi chini. "Mama Ila, weye unamwanga chakula kwa udongo? Na hii mwaka yenye iko na njaa?"

"Ni unga ya mukono moja tu, Mama Manirakiza," Kanta akajibu. "Haipotee. Kuku zako ndio zitakula."

"Basi iko sikukuu ya kuku," alisema Pudentienne, na akacheka hadi akashika kiuno.

Hakuondoka. Alichukua kipande cha ile taa iliyovunjika, akakisugua kati ya vidole, akakinusa. Alisema udongo ule ulifaa kwa matofali, haukufaa kwa chombo. Kesho yake aliwapeleka kando ya kijito, mahali ambapo wafinyanzi huchimba udongo mweusi unaonata. Aliwaonyesha namna ya kuponda vigae vya chungu cha zamani na kuvichanganya na udongo ili taa zisipasuke. Aliwakataza kuanika juani. "Kwa kivuli, siku tatu. Jua inakausha inje mbio, ndani inabakia maji, njo maana inapasuka." Baadaye wangezichoma kwa nyasi kavu na mavi ya ng'ombe.

Kanta naye alikuwa na lake la kufundisha. Taa mpya ya udongo huloweshwa kwanza majini kwa saa chache, ndipo isinywe mafuta mengi. Pudentienne hakujua hilo, akalipenda. Kwa utambi alileta pamba ya shambani kwake, nao watatu walikaa mlangoni wakiisokota juu ya mapaja. Ila aliuliza maswali arobaini, na mengi yalijibiwa.

Ilibaki rangi. Nyeupe walikuwa nayo. Nyeusi ilitoka katika makaa. Ya njano ilitoka katika manjano ya jikoni. Lakini dukani palikuwa na kalenda yenye picha ya yungiyungi, ua kubwa la rangi ya waridi linaloota majini, na Ila alitaka ua lile lile, kwa rangi ile ile. Moyoni mwake alikuwa amekwisha kuamua kwamba likikosekana ua lile, sanduku la mama litajaa.

Nyuma ya duka palikuwa na depo. Kampuni ya pamba ilikodi nusu ya depo hiyo kuhifadhi mbegu za kuwagawia wakulima. Siku ya nne Ila alitumwa huko kuleta sabuni. Gunia moja la mbegu lilikuwa limetoboka. Chini yake palikuwa na kilima kidogo cha vumbi la rangi ya waridi, laini kama poda ya usoni. Gunia lilikuwa na maandishi na picha ya fuvu la kichwa, lakini upande huo ulikuwa umegeukia ukutani. Ila alilikusanya vumbi kwa kipande cha karatasi, akalitia mkebeni. Alijiona ana bahati kuliko watoto wote wa Luvungi.

Alilichanganya na unga wa mchele, akachora ua lake mbele ya kizingiti. Lilipendeza kweli, hatuwezi kumnyima sifa. Kanta alitoka, akaliona, akashika kifua.

"Umepata wapi hii rangi?"

"Kwa depo," alisema Ila.

Kanta alifikiri ni rangi ya vitambaa. Wateja wawili wakaingia, na hakuuliza mara ya pili.

Asubuhi iliyofuata kuku walivuka barabara kama kawaida yao. Hawakutafuta mchele siku hiyo. Walikula ua.

Kabla ya saa sita kuku mwekundu alianza kuyumba. Kichwa kilimwinama, mabawa yakaburura chini. Vifaranga walilala ubavu mmoja baada ya mwingine, miguu ikitetemeka. Jua lilipoanza kushuka, saba walikuwa wamekufa, na mama yao pia. Pudentienne alikuja dukani amemshika kuku mwekundu kwa miguu. Alisema hajui ni ugonjwa gani, lakini kuku alikuwa na nyama, na nyama haitupwi. Alitaka chumvi na kitunguu.

Sévère alikuwa ndani ya duka wakati huo. Alikuwa monitere wa pamba, yaani mtu anayewafundisha wakulima kazi ya pamba, na alikuja kukagua mbegu. Aliutazama mdomo wa kuku. Ulikuwa na vumbi la waridi hadi puani.

"Mama, usiipike," alisema. "Weka chini. Usishike tena."

Hapo Ila akaelewa. Angeweza kunyamaza, kwa maana hakuna aliyekuwa anamtazama yeye.

"Ni minye," alisema. "Nilikamata ile vumbi kwa depo. Nilichanga na unga. Nilikuwa naona ni rangi."

Hakuna aliyempigia kelele. Ingekuwa afadhali wangepiga. Sévère alitaka kwanza kuiona mikono yake. Aliuliza kama aliiweka mdomoni, kama kichwa kinamuuma, kama ametapika. Ila alisema hapana, mara tatu. Hata hivyo Sévère aliagiza anawe kwa sabuni mara nyingi, abadilishe nguo, na mama yake amwangalie mpaka kesho. Akitapika au kutetemeka, asipewe dawa za nyumbani, apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe ni vumbi la mbegu. Pudentienne naye alinawishwa.

Kisha akawaita nje, akaeleza polepole, na wapita njia wakasimama kusikiliza. Mbegu ya pamba hupakwa dawa ili wadudu na ukungu wa ardhini wasiiharibu. Dawa hiyo ni sumu. Inaua mdudu, inaua kuku, na inaweza kumwua mtu. Nyama ya mnyama aliyekufa kwa sumu hailiwi, hata ikichemshwa siku nzima, kwa sababu moto hauiondoi sumu. Gunia lake halitiwi mchele wala mihogo, hata likifuliwa.

"Sasa, ju ya nini banaitia rangi ya muzuri?" aliuliza Ila. Hata katika aibu ile swali lilimshinda.

Sévère alimtazama. "Hii rangi haiko ya urembo, mutoto. Baliitia ju muntu aone ile mbegu haiko ya kula, aogope. Weye uliona, lakini hapakuwa muntu wa kukuambia. Kosa iko ya sisi bakubwa pia."

Walichimba shimo refu mbali na kijito, wakawazika kuku humo. Vumbi la mlangoni hawakulifagia wala hawakulimwagia maji, ili lisipeperuke wala kutiririka. Walilifunika kwa udongo wenye unyevu, wakaukwangua wote kwa koleo na kuutia shimoni. Depo ilifungwa. Sévère alisema gunia lililotoboka na mabaki ya dawa yanahitaji kufungiwa ndani ya chombo cha bati chenye kufuli, mchana na usiku, mwaka mzima. Vrajlal akajibu kwamba nyumbani kwake sanduku la namna hiyo lilikuwa moja tu. Alipotamka hayo alimtazama mkewe, na mkewe alitazama pembeni. Kwa wakati ule Vrajlal alifungia gunia katika chumba kidogo, akakaa na ufunguo shingoni.

Siku ya pili yake Vrajlal alimpelekea Pudentienne kuku majike wawili. Pudentienne aliwapokea na kusema asante, lakini ilikuwa asante ya midomo tu. Vifaranga wanne waliobaki aliwafunika kwa kikapu kikubwa. Hakuvuka barabara. Chumvi alinunua kwa mwingine. Na barabarani maneno yalianza kutembea, kwamba Mhindi ameweka dawa mlangoni, na nani ajuaye ni dawa ya nini. Katika mwaka kama ule, maneno ya namna hiyo si ya kuchezea. Kanta aliyasikia. Alikunja mapazia na kuyaweka katika sanduku.

Zilibaki siku tatu. Ila alivuka barabara peke yake. Pudentienne alikuwa anachambua majani ya mboga, na hakuinua kichwa.

"Mama Manirakiza, nimekuja kuomba musamaha. Niliua kuku zako."

Pudentienne aliendelea kuchambua. Jani moja, jani la pili.

"Nimesikia," alisema Pudentienne mwishowe.

Ila alijua inafaa aondoke. Alifika hadi uani, akarudi. "Na niko na swali. Kuko kitu ya kutoa rangi ya vile, yenye kuku anaweza kula na asikufe?"

Pudentienne alitaka kubaki na hasira yake. Ilikuwa haki yake, na alikuwa hajaimaliza. Lakini swali lilikuwa swali zuri, na yeye ndiye aliyekuwa na jibu. Alitazama mapaja yake. Yalikuwa na lengalenga, mchicha wa majani mekundu, na vidole vyake vilikuwa vya waridi hadi kwenye kucha.

"Weye," alisema, "kaa hapa. Leta ule mutwangio."

Walitwanga lengalenga nyekundu, wakakamua maji yake juu ya unga wa mchele, wakausugua na kuuanika kivulini. Unga ulitoka waridi, hafifu kuliko ule wa depo, lakini waridi. Kwa kijani Ila alitaka majani ya muhogo. Pudentienne akamzuia mkono. Alisema sombe mbichi ina sumu yake, hata mbuzi akila nyingi anaweza kufa, ndiyo maana inapikwa sana. Kwa kijani walitumia matembele.

"Kitu yenye hatuwezi kutia kwa sahani yetu," alisema Pudentienne, "hatutie kwa mulango. Umesikia?"

Ila alisema amesikia. Safari hii aliushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayefunga fundo.

Jioni ya Diwali ilifika bila mvua. Vrajlal na Ila walitundika juu ya mlango uzi wa majani mabichi na maua ya njano ya porini. Taa ishirini na moja zilizochomwa vizuri zilikuwa zimeloweshwa tangu mchana. Kanta alizitia siagi iliyoyeyushwa. Siagi ilitoka kwa Nyirabagenzi, mwanamke mfugaji ambaye hushuka kutoka milimani siku za soko, na ambaye alitaka aelezwe mara mbili kwamba watu hawa hawaili, wanaiwasha. Utambi wa pamba ya Pudentienne ulishika moto mara moja. Watu wa barabarani walisimama mbali kidogo, wakatazama. Ng'ambo, Pudentienne alikaa mbele ya nyumba yake. Alitazama hadi siagi ilipokwisha.

Kabla jua halijatoka, Kanta na Ila walichora pamoja mbele ya kizingiti. Nyeupe, nyeusi, njano, kijani, na katikati ua la waridi. Kulipokucha majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika, wengine na majembe mabegani. Hawakuja kusifu picha. Walikuja kuona kitakachotokea. Kanta alisimama mlangoni, mikono imefumbatwa. Ila alijua mama yake anangoja nini, na alijua kwamba lisipotokea, kesho kutwa watalipakia sanduku katika kamyo na kuhama.

Pudentienne alitoka nyumbani. Alitazama watu. Alitazama ule mlango. Kisha akainama, akakiinua kikapu.

Vifaranga wanne walitoka, na nyuma yao kuku wawili wageni wasiojua bado mambo ya barabara. Vifaranga walijua. Walivuka wakikimbia. Mmoja aliudonoa unga mweupe. Wa pili aliingia moja kwa moja katikati ya ua la waridi na kuanza kula. Ila aliziba mdomo kwa mikono miwili.

Pudentienne naye alivuka. Alichuchumaa karibu na ua, akachovya kidole katika unga wa waridi, na mbele ya watu wote akakilamba.

"Iko unga," aliwaambia. "Iko unga na lengalenga. Minye mwenyewe nilitwanga."

Watu walicheka, wengine kwa sababu ya kidole chake, wengine kwa sababu hofu ilikuwa imewatoka. Mmoja mmoja waliendelea na safari ya shamba. Hadi saa mbili kuku walikuwa wamekula ua lote, na Kanta hakufukuza hata mmoja. Alimwambia Pudentienne kwamba hata kwa mama yake hajaona Diwali kama ile.

Kisha aliingia ndani. Ila alisikia kufuli linafunguliwa, na vitu vikitupwa juu ya kitanda: shuka, mapazia, nguo. Baada ya muda Kanta alitoka akiliburura sanduku la bati, na lilipiga kelele kwenye sakafu kwa sababu halikuwa na kitu.

"Baba Ila," alisema, "peleka hii kwa depo. Monitere aliomba chombo ya kufungia ile dawa."